Dawa za Kuongeza Nguvu na Haki ya Mshindani

Siku moja darasani, tulipokuwa tukizungumza habari za mbio, kijana mmoja alituuliza: "Mwalimu, kama wakimbiaji wote wangeruhusiwa kutumia dawa za kuongeza nguvu, si wangekuwa sawasawa? Kosa liko wapi?" Wenziwe walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile si la kitoto. Tulimwomba atungoje, tukaenda nalo nyumbani; na leo twapenda kuyaweka mawazo yetu mbele ya wasomaji.

Kwanza tutazame jambo lililotukia. Mwezi wa Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alikuwa wa kwanza katika mbio za marathoni za wanawake huko Boston, Marekani, na nyuma yake alifika Bizunesh Deba wa Ethiopia. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Jeptoo alipimwa, ikaonekana mwilini mwake dawa iitwayo EPO. Mwaka 2016 mahakama ya michezo iliyoko Uswisi iliamua azuiwe kushindana miaka minne, na ushindi wake wa Boston wa 2014 ukafutwa.

EPO yenyewe si kitu kiovu. Figo za kila mtu huitengeneza, nayo huuamsha uboho wa mifupa uzae chembe nyekundu za damu, zile zichukuazo hewa na kuipeleka mwilini mwote. Waganga huwapa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu, nao hupata nafuu. Lakini mtu mwenye afya akijitia dawa hiyo, damu yake huzidi kuwa nzito, na yaweza kuganda mishipani na kumwua.

Hapa mtu aweza kutupinga akisema: "Wakimbiaji wakaao milimani, kama kule Iten, nao damu yao huongezeka kwa ajili ya uchache wa hewa. Mbona hao hawalaumiwi?" Neno hili lina haki ndani yake. Ni kweli kwamba mpaka kati ya halali na haramu katika michezo umewekwa na wanadamu. Lakini hata mpaka wa shamba umewekwa na wanadamu, na mtu auhamishaye usiku ni mwizi vilevile. Wakimbiaji wasimamapo mstarini, kila mmoja amewaahidi wenziwe, ijapokuwa hakutamka neno, kwamba atashindana kwa masharti waliyokubaliana. Akaaye mlimani haufichi mlima wake; watu wote waujua, na apendaye aweza kwenda kufanya mazoezi huko. Atumiaye dawa huificha, kwa kuwa ajua ya kuwa wenziwe wakipata habari hawatakubali kushindana naye. Basi kosa lake la kwanza ni uongo, nao amewaambia watu waliomwamini.

Lakini kijana wetu alikwisha kuliona jibu hili mbele. Alisema wote waruhusiwe. Na wote wakiruhusiwa, hapana uongo tena. Je, hapo litabaki kosa gani?

Twamjibu kwa habari za Ujerumani ya Mashariki. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakubwa wa nchi ile waliitaka sifa ya ushindi kuliko afya ya watoto wao. Wasichana wadogo waliofundishwa kuogelea walipewa vidonge vya rangi ya buluu, wakaambiwa ni vitamini. Sauti zao zikawa nzito kama za wanaume, na wengine wakapata maradhi yaliyowafuata hata ukubwani. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimhukumu Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo ya nchi ile, kwa kusaidia kuwadhuru.

Twajua kwamba mambo yale yalifanywa kwa siri. Lakini yanatuonyesha ya kuwa, mahali ambapo dawa imekuwa desturi, mchezaji haulizwi kama ataka. Tukiiruhusu leo, kesho mkufunzi atamwambia kijana, "Wenzako wote wanatumia, wewe usipotaka, mpishe mwingine." Ruhusa itageuka kuwa amri. Wala hawatakuwa sawasawa, maana miili haipokei dawa kwa kiasi kimoja, na tajiri atanunua iliyo bora. Basi katazo hili ni ngao ya yule atakaye kukimbia kwa mwili wake mwenyewe bila kuuharibu. Tukiliondoa, twamwachia achague kushindwa au kujidhuru.

Liko na neno la umaskini, nalo hatuwezi kulipita. Vijana wengi hukimbia ili kuwajengea wazazi nyumba na kuwalipia wadogo zao karo. Je, tumhukumu mtu aliyeshikwa na shida? Twamhurumia, lakini tukumbuke kwamba amshindaye kwa hila mara nyingi ni maskini mwenziwe. Zawadi ya kwanza kule Boston ilikuwa dola 150,000, na ya pili dola 75,000. Deba alitangazwa mshindi, lakini miaka ikapita bila yeye kulipwa iliyobaki, hata mwaka 2024 raia mmoja wa Marekani akampa dola 75,000 mfukoni mwake. Fedha zaweza kurudi, ijapokuwa zimechelewa. Lakini ile saa ya kuukata utepe mbele ya watu wenye kushangilia, nani atamrudishia?

Tulipomweleza kijana wetu hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini, mwalimu, siku ya michezo yetu mlimpa zawadi wa kwanza peke yake; wengine hamkutuuliza hata majina." Hatukuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Ikiwa sisi tulio walimu twamheshimu mshindi tu, tusistaajabu mtoto akikua na kuutafuta ushindi kwa njia yo yote. Mwaka huu tumekusudia kuyaandika ubaoni majina ya wote waliomaliza mbio, hata la wa mwisho.