Mkono Uliohurumiwa

Katika Marko sura ya 3 tunamkuta mtu aliyepooza mkono, yumo ndani ya sinagogi siku ya Sabato. Luka anaongeza neno moja: ulikuwa mkono wa kuume. Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa uzito wake. Mkono huo ndio unaotoa salamu pale Makadara, ndio unaoingia katika sinia la pilau Kibokoni. Aliyeupoteza huanza kukwepa karamu, akisingizia kwamba kashiba.

Marko hasemi kwamba Yesu aliushika mkono ule. Alimwita mwenyewe asimame katikati, kisha akamtaka aunyoshe; yaani afanye lile hasa ambalo watu wote walikwisha kukubali kwamba haliwezi.

Leo mkono unaofanana na huo tunaukuta kwa mgonjwa wa kiharusi: kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, unaolegea ni mkono wa kulia. Mgonjwa akiujaribu mara kadhaa ukashindwa, huhamishia kila kitu kushoto, na ubongo huzoea kuuacha hata nguvu zinapoanza kurudi. Edward Taub, mtafiti wa Alabama, alijenga tiba juu ya jambo hilo: mkono mzima unavishwa glovu nene karibu mchana kutwa, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006, la wagonjwa 222 waliobakiwa na mwendo kidogo katika kifundo na vidole, lilionyesha kwamba waliofanyiwa hivyo walipiga hatua zaidi kuliko waliopata matunzo ya kawaida.

Sasa vipo vihisi vya mwendo vinavyovaliwa mikono yote miwili, jamaa wa kile kinachoijulisha simu yako kwamba umeigeuza. Vile vya mguso hutiwa ndani ya glovu au mpira, ili aliyepoteza hisia vidoleni aone kwenye skrini amefinya kwa nguvu kiasi gani. Havitibu, vinahesabu tu. Na hesabu hiyo ina uchungu: wapo ambao mkono umeimarika mbele ya mtaalamu wa viungo, lakini nyumbani haufanyi zaidi ya jana. Hata huko kliniki kazi ni haba. Uchunguzi wa mwaka 2009, uliotazama vipindi 312 vya tiba Marekani na Kanada, ulipata wastani wa marudio 32 tu ya kazi za mkono kwa kipindi, ilhali wanyama wa maabara katika majaribio ya kiharusi hurudia mamia.

Na nyumbani kwetu kuna nini? Kuna upendo mwingi. Mke anamenya chungwa, binti anafunga vifungo vya kanzu, mjukuu anatia tonge mdomoni kabla babu hajanyanyua kidole. Kihisi kingeandika sifuri, na sisi tungelala tukijua tumemtumikia mgonjwa vyema.

Nisieleweke vibaya. Ambaye mkono wake haujasogea hakupungukiwa imani. Kuna ubongo ulioumia mno, na kumpiga mtu huyo kwa aya hii ni ukatili. Bega linalouma nalo lisivutwe hovyo, mwulizeni mtaalamu kwanza.

Familia nyingi hazitaviona vihisi hivyo karibuni. Lakini bakuli mbili na choroko zinahesabu pia: punje moja moja kutoka huku kwenda kule, kwa mkono ule ule mvivu, na jioni mjukuu ahesabu zilizovuka aandike kwenye daftari. Mzee atanuna. Mwacheni anune, mradi punje zivuke.

Nanyi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, mkipita Mji wa Kale wiki hii, msikimbilie kumlisha mtu. Chai ya moto mshikieni, maana huenda vidole havijui kwamba vinaungua. Ila mkikaribishwa maji ya baridi, mwacheni mwenyeji amimine mwenyewe, hata ikichukua dakika tano, na yakimwagika msiruke kufuta.