Mtoto Mzito wa Kufahamu: Ni Dhambi ya Nani?

Nilipokuwa Bombo, katika milima ya Upare wilayani Same, mama mmoja aliniuliza swali zito. Alikuwa na watoto wawili wa tumbo moja: mmoja mwepesi wa kujifunza, wa pili mzito hata wa kusema. Majirani walimwambia kwamba huyo wa pili ni adhabu ya dhambi yake. Je, wasemalo ni kweli?

Hebu tutazame ubongo unavyoumbwa. Yapata juma la nne la mimba, utando wa chembe mgongoni mwa kijusi hujikunja ukawa kama mrija. Chembe zake zote zina urithi mmoja. Lakini zilizo upande wa tumbo hupokea ishara za kikemikali zinazozifanya baadhi yake ziwe chembe za kuendesha misuli. Zilizo upande wa mgongo hupokea ishara nyingine, zikawa chembe za kupokea habari za mguso na maumivu. Wakati nao hugawa kazi: katika gamba la ubongo, zilizotangulia kuzaliwa hukaa tabaka za ndani, na zinazofuata huzipita zikakaa juu yake. Ndivyo zipatikanavyo aina nyingi katika ubongo wenye chembe za fahamu zipatazo bilioni 86.

Safari hiyo huhitaji homoni ya tezi ya shingo, isiyotengenezeka bila madini joto. Katika miezi ya mwanzo kijusi hutegemea homoni ya mama yake. Nako milimani, mvua ya karne nyingi huyaosha madini hayo udongoni. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaagiza kwa sheria chumvi itiwe madini hayo.

Sasa pima, ewe msomaji: ni adhabu gani hii ambayo chumvi yaweza kuizuia? Sisemi kwamba mtoto yule alikosa madini joto; sababu za uzito wa kufahamu ni nyingi. Lakini hakuna hata moja inayompa jirani haki ya kuhukumu. Wala mwepesi hana la kujivunia, kwani hakuzipanga yeye chembe zake.

Nilimjibu mama yule: dhambi isitafutwe tumboni mwako. Itafutwe kwetu sisi tujuao na tusisaidie, tunaomwacha mjamzito bila chumvi yenye madini joto, na mtoto mzito bila mwalimu mwenye subira.