Ananipa Nini Ambacho Si Changu?

Hati ya kumhamishia mtu nyumba hutaka kujua mpokeaji analipa nini. Kama ni mauziano, unaandika kiasi cha fedha na kuendelea. Kama ni mume anamhamishia mkewe, mazoea ni kuandika kwamba uhamisho unafanyika kwa sababu ya mapenzi. Neno ambalo binadamu hawajawahi kukubaliana maana yake linakaa pale ambapo zingekaa shilingi, kisha linagongwa muhuri.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu mjomba wangu wa Mikindani aliponiomba nimwandikie rasimu ya hati kabla hajaenda kwa wakili. "Wewe msomi," alisema, "anza, wakili atasahihisha." Anataka nyumba yao, iliyo kwa jina lake peke yake, iwe ya mkewe. Nasoma shahada ya uzamili, lakini si ya sheria, kwa hiyo kazi ile ilinipa maswali mengi kuliko majibu.

La kwanza liliulizwa na mama yangu, dada yake mjomba: kama wanaaminiana, karatasi ya nini? Nyuma ya swali hilo lilikuwapo jingine, ambalo watu wa kusini watalitambua upesi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada zake. Yaani kwangu. Uislamu na sheria za serikali vimebadilisha mengi, lakini hesabu ile haijafa, huamka msibani. Mjomba alimpa kalamu mtu ambaye, kwa hesabu ya bibi zetu, ndiye anayepokonywa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba ndoa huchanganya mali. Kilichoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwenzi akimpa mwenzake kitu, huchukuliwa kuwa kimekuwa cha aliyepewa, lakini hilo nalo laweza kupingwa kwa ushahidi. Katika fiqhi, hiba hutaka kutoa, kupokea na kukabidhi. Na anayetoa akiwa katika maradhi ya mauti, hiba yake huhesabiwa kama wasia. Ndiyo maana mjomba anaharakisha akiwa bado anaendesha baiskeli. Akifa bila kufanya lolote, mkewe, kwa kuwa kuna watoto, fungu lake katika mirathi ni thumni, moja ya nane, hata katika nyumba ambayo funguo zake amezishika yeye miaka yote.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni kwamba hati haiandikwi kwa ajili ya wawili wanaoaminiana. Inaandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Mtwara tunamfahamu mtu huyo. Gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kusafirishwa, na bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, ardhi iliyojulikana kama "pale kwa fulani" iligeuka kitu cha kupimwa na kuthaminiwa. Mthamini hajui nani anampenda nani. Anauliza jina. Shemeji baada ya matanga naye huuliza jina.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikamsomea mkaza mjomba rasimu. Alisikiliza mpaka penye "ninampa mke wangu", akanikatiza: "Ananipa nini ambacho si changu?" Saruji ya msingi, alisema, ilitokana na mikorosho aliyoachiwa na mama yake. Maji ya kufyatulia matofali aliyateka yeye, na kichwa chake kinakumbuka.

Sheria iko upande wake kuliko alivyojua. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtambua mwenzi aliyeiendeleza ardhi kwa nguvu zake kuwa na maslahi ndani yake, hata kama hati ina jina la mwenzake tu.

Lakini swali lake si la mahakama peke yake. Anayepewa zawadi hushukuru; anayelipwa deni hana haja. Ukiita deni zawadi, unamdai mwenye haki shukrani kwa kitu chake mwenyewe, na unakuwa umechukua mara mbili. Hata hivyo, si sawa kusema yote ni deni. Mjomba naye alibeba mbao na kulipa fundi. Sehemu yake ipo, na hiyo anaweza kuitoa kweli. Mapenzi yaandikwe, ila baada ya hesabu.

Na ile desturi anayoitetea mama? Zamani huku kwetu mara nyingi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Ndoa ikivunjika, mwanamke alibaki kwenye ardhi ya mama yake, na mgeni akaondoka. Desturi ile ilimhakikishia mwanamke mahali pa kulala. Mkaza mjomba aliondoka kwao akafuata kiwanja cha mjini, na ulinzi ule haukumfuata. Hati inamrudishia.

Rasimu iliyokwenda kwa wakili ina sentensi mbili. Ya kwanza inatambua kwamba nyumba ilijengwa kwa mali na kazi ya wote wawili. Ya pili inasema mjomba anampa mkewe sehemu iliyokuwa yake, kwa mapenzi. Wakili anaweza kuzifupisha. Mama bado amenuna. Anasema siku nyumba hiyo ikiuzwa nitamkumbuka. Huenda. Lakini itakuwa imeuzwa na mwenyewe.