Kinga ni Bora Kuliko Tiba, kwa Nani?

Msemo huu tumekua nao tangu kliniki, na ni vigumu kuupinga. Ila hausemi kinga ni bora kwa nani.

Chukua saratani ya ini. Visababishi vyake vikubwa kwetu vinajulikana: virusi vya homa ya ini B, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Kama ulizaliwa baada ya hapo, huenda imeandikwa kwenye kadi yako. Kwenye kadi ya mama yako haimo.

Upande wa pili ipo tiba isiyohitaji kupasua tumbo. Daktari hutazama picha ya utrasaundi au CT, huchoma sindano hadi kwenye uvimbe na kuuunguza kwa joto linalozidi nyuzi 60. Au hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, kuanzia kinenani, hadi ateri inayolisha uvimbe, amwage dawa na kuiziba. Muhimbili ilianza kufundisha fani hii ya tiba kwa kuongozwa na picha mwaka 2018.

Sasa mweke mzee wa Endulen, ndani ya Ngorongoro. Ashuke hadi Karatu, kisha kilomita zipatazo 140 hadi Arusha, kisha zaidi ya 600 hadi Dar es Salaam. Wapo watakaosema: fedha za kumtibu huyo mmoja zingechanja watoto wangapi?

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inaficha jambo. Chanjo ya mtoto haimwokoi babu yake. Tukisema kinga tu, tunakuwa tumechagua kizazi. Waliozaliwa kabla ya 2002 hawakuikataa chanjo, haikuwapo. Kuwaambia leo kwamba kinga ni bora ni kumweleza mtu aliyekwisha kulowa faida za mwavuli.

Hata hivyo, kujenga chumba cha kisasa Dar pekee hakulipi deni hilo. Kuunguza kwa sindano hufaa zaidi uvimbe usiozidi sentimita tatu, na uvimbe wa ukubwa huo kwa kawaida hauumi. Mwenye nao hajui kama anaumwa. Atakapoanza safari kwa sababu ya maumivu, mara nyingi sindano itakuwa imeshapitwa.

Kwa hiyo, naona haki inaanzia Karatu: kipimo cha damu cha homa ya ini B kwa mtu mzima, na utrasaundi kila miezi sita kwa aliye hatarini. Ni mashine ileile inayomtazama mtoto tumboni. Ngorongoro ina sababu ya ziada ya kuitaka: kule minyoo ya mbwa husababisha malengelenge ya maji kwenye ini, na baadhi yake hutibika kwa sindano inayoongozwa na picha hiyohiyo.

Kinga ni ya wajao. Waliotutangulia tunawadai uvumilivu. Wao wanatudai picha, mapema.