Shamba la Anathothi

Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, hapa Tunduma tuliona riziki inavyoweza kukatika kwa siku moja: wasukuma mikokoteni, wabadili kwacha, mama lishe wanaowapikia madereva. Wengi tukasema, "Tusubiri, Mungu atafungua." Je, kusubiri tu ndiko kutumaini?

Yeremia alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, Yerusalemu ikiwa imezingirwa, naye mwenyewe kifungoni. Hakujidanganya, yeye ndiye aliyetabiri kwamba mji utatekwa. Hati akaagiza iwekwe katika chombo cha udongo.

Wapendwa, tunadhani mwenye tumaini lazima aikane njaa. Mama anayepunguza unga wa leo ili abakize mbegu ya Novemba anajua fika kwamba watoto hawajashiba.