Haki ya Kubisha Hodi

Mtu auzaye kitambaa kibovu humtia mnunuzi hasara ya mara moja. Mtu apangishaye nyumba mbovu humtia mpangaji hatarini kila usiku alalapo. Tofauti hii ndiyo chanzo cha swali nitakalo kulipima: je, serikali ya mji ina haki ya kumwambia mwenye mali asipangishe nyumba yake mpaka apewe leseni? Wapo wanaojibu upesi kwamba mali ni ya mwenyewe, na mpangaji asiyeridhika na ahame. Jibu hilo lina sura ya uhuru. Ili tujue kama lina na roho yake, tutazame mji wa Glasgow, katika Uskoti, ambao umelijaribu jambo hili kwa njia mbili mbalimbali.

Njia ya kwanza ni ya karne ya kumi na tisa. Viwanda viliita watu wengi, vyumba vikawa haba, jamaa zikasongamana. Kwa sheria ya mwaka 1862, nyumba ndogo zisizozidi futi 2,000 za ujazo zilipimwa, na kibati kikagongomelewa mlangoni kutaja idadi ya watu walioruhusiwa kulala ndani, kwa hesabu ya futi 300 kwa kila mtu mzima. Wakaguzi walizunguka usiku wakibisha hodi na kuhesabu watu. Waliozidi idadi walijificha makabatini, hata juu ya mapaa. Nia ya sheria ilikuwa njema, maana msongamano huzaa maradhi. Walakini, ni nani aliyetetemeka hodi ilipobishwa? Hakuwa mwenye nyumba, aliyekuwa amelala kwake. Alikuwa yule aliyezidi hesabu kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kujilaza.

Njia ya pili ilizaliwa na msiba. Machi 1999 wanafunzi wawili walikufa kwa moto katika nyumba waliyopanga mjini humo, iliyokuwa chini ya usawa wa barabara, na madirisha yake yamezibwa kwa nondo. Kuanzia Oktoba 2000 leseni ikawa lazima kote Uskoti kwa nyumba za aina hiyo. Sheria ya mwaka 2006, ambayo ndiyo inayofuatwa sasa, inahusu nyumba ikaliwayo na watu 3 au zaidi, wa jamaa 3 au zaidi, wanaoshirikiana choo, bafu au jiko. Halmashauri hupima kama nyumba yafaa kukaliwa, tena kama mwenye nyumba mwenyewe ni mtu afaaye kukabidhiwa kazi hiyo. Apangishaye bila leseni aweza kutozwa faini hadi pauni 50,000, na halmashauri yaweza kuamuru wapangaji wake wasilipe kodi. Safari hii hodi inabishwa katika mlango wa mwenye nyumba.

Sasa turudi kwa yule asemaye, "Na ahame." Mpangaji haoni nyaya zilizo ndani ya ukuta, wala hawezi kuujaribu mlango wa dharura kabla ya moto kuwaka. Abiria hamtahini dereva kabla ya kupanda gari. Ndiyo maana dereva hutahiniwa na serikali kwa niaba ya abiria wote. Zaidi ya hayo, nyumba zikiwa haba, anayehama hutoka shimo moja akaingia jingine. Uchaguzi wa mtu asiyeona na asiye na pa kwenda hauwezi kuitwa uhuru.

Wengine husema mahakama zatosha: mwenye nyumba akidhuru, na ashitakiwe. Lakini majuto ni mjukuu. Mahakama huuliza baada ya maziko. Leseni huuliza kabla. Fidia yaweza kumfikia mzazi wa mwanafunzi aliyekufa, wala haiwezi kumfikia mwanafunzi.

Ipo hoja nzito kuliko hizi, nayo haifai kupuuzwa. Gharama ya leseni yaweza kuongezwa katika kodi. Mwema hulipa ada na mwovu hujificha. Na nyumba ikifungwa, mpangaji aliyeokolewa na moto aweza kujikuta barabarani penye baridi. Haya yakitokea, sheria ya leo itakuwa imerudia kosa la kibati: kumpiga dhaifu kwa jina la kumlinda. Kwa hiyo amri ya kusimamisha kodi yanipendeza kuliko amri ya kufunga mlango. Hiyo humwacha mpangaji ndani, na kumnyima mwenye nyumba faida mpaka atengeneze. Na palipo na hatari isiyoweza kungoja, mlango ukalazimika kufungwa, aliyeufunga ana deni la kufungua mwingine.

Basi nasema kwamba haki ya mji kubisha hodi ni haki ya kweli, kwa sababu apokeaye kodi amepokea pamoja nayo amana ya maisha ya mtu. Lakini haki hiyo ina sharti. Halmashauri inayotoa leseni bila kuitazama nyumba imeuza karatasi. Halmashauri inayoitazama, ikaifunga, ikawasahau waliokuwamo, imeokoa nyumba na kupoteza watu. Iliyo na haki ya kuuliza kabla ya msiba ina wajibu wa kujibu mpangaji anapouliza, "Nami leo nitalala wapi?"