Kijidudu Kilichogeuzwa: Je, Yafaa Kufunguliwa Mtoni?

Saza, katika nchi ya Songwe, ni mahali pa dhahabu tangu zamani. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hata 1956, na baada ya kufungwa kwake wachimbaji wadogo hawakukoma. Hao husaga mawe, wakachanganya unga wake na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha wakaichoma: dhahabu ikabaki, na moshi ukaingia vifuani mwao. Zebaki iliyosalia hufuata vijito, na maji ya nchi hiyo huelekea Ziwa Rukwa. Huko matopeni wako bakteria wa asili waigeuzao ikawa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na kutoka katika samaki ikamfikia mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

Sasa wenye elimu wamepata njia. Wako bakteria wenye jeni za kuishinda zebaki, na jeni za namna hiyo zimekwisha kupandikizwa maabarani katika bakteria wengine, hata baadhi yao wakaweza kuishika zebaki ndani ya miili yao. Mtu wa Saza akisikia haya atasema: na waletwe, wamwagwe mtoni! Wala hana lawama, kwani mgonjwa hutaka dawa.

Walakini kiumbe si jembe. Jembe likiharibika hutupwa. Bakteria huzaa, na wako ambao, wakipata chakula na joto, huongezeka mara mbili katika kila dakika 20. Tena hupeana jeni wao kwa wao. Aghalabu mtengenezaji humtia bakteria wake jeni ya kushinda dawa fulani, ili apate kumtambua. Jeni hiyo ikihamia kwa kijidudu cha maradhi, dawa ile haitafaa kitu hospitalini. Na wale waigeuzao zebaki kuwa mvuke hawaiondoi duniani, bali huitoa majini wakaitia hewani. Wanazuoni wa fikihi wamekwisha kuonya kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo sawa nayo.

Hapana maana kwamba elimu hii ni haramu. Mwaka 1978 bakteria waliogeuzwa walifanyizwa insulini ya mwanadamu, na wenye kisukari wasiohesabika wameishi kwayo. Lakini bakteria hao walifungiwa. Mwaka ule ule, Birmingham, Uingereza, Janet Parker alikufa kwa ndui iliyotunzwa katika maabara ya jumba alimofanya kazi, hali ndui ya kawaida ilikwisha kukoma mwaka uliotangulia kwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia. Kirusi kile hakikugeuzwa na mtu, kilitoka tu. Mama yule alikuwa mpiga picha, wala kazi yake haikuwa na ndui.

Kwa hiyo adabu za maabara, zionekanazo ndogo, ni amana: kutokula humo, kutovuta maji ya vijidudu kwa mdomo, kuacha koti ndani, kunawa mikono, na kuua kila kilichobaki kwa mvuke wa daraja 121 kabla ya kutupwa. Mwanafunzi aliyechoka jioni, pasipo wa kumwona, akimimina chupa katika bomba la maji, amewafanyia hiana watu asiowajua.

Na akikosa, nani alipe? Kanuni za Tanzania za 2009 zilimbebesha mwenye kiumbe dhamana ya madhara, awe amezembea au hakuzembea. Mwaka 2015 ziligeuzwa kwa upande wa utafiti, ikawa lazima kosa lithibitishwe. Watafiti walisema kwamba pasipo hivyo hapana atakayethubutu kujaribu, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mama wa Saza aoshaye mchanga kijitoni atathibitishaje uzembe uliofanyika nyuma ya mlango uliofungwa, katika kitu kisichoonekana kwa jicho? Kabla ya chupa kufunguliwa mtoni, yampasa mwenye maabara aende Saza, awaeleze watu kwa lugha waijuayo, awasikilize hata wakikataa, na akubali kwa maandishi kulipa pasipo kuwadai ushahidi huo.